Mashine ya Mipini Miwili

Bei aliitaja mwenyewe. Hakuna aliyemshikia bakora. Alipoitaja, muuza vipuri alishusha miwani hadi puani, akamkazia macho, akauliza kama masikio yake yako sawa.

"Umesikia vizuri," akasema Mama Gogo.

"Mama, hiyo ndiyo bei ya mpya."

"Siyo. Mpya iko chini kidogo."

Muuza vipuri akaguna. Maskini, alikuwa amejitahidi kumweleza polepole jinsi watu wanavyopanga bei ya mashine ya kupasua magogo iliyokwisha kutumika. Chukua bei ya mpya, ukate nusu. Angalia injini, angalia pampu ya oili, angalia matairi, punguza tena kwa ajili ya kutu. Halafu uongeze kidogo cha kupunguza, maana mnunuzi asipopunguziwa hata kidogo hulala amenuna. Mama Gogo alisikiliza yote, akaitikia kwa kichwa, akashukuru, kisha akaitaja bei yake palepale kaunta. Tangazo likaandikwa hivyo hivyo, namba ya simu ya wifi yake kisha yake mwenyewe chini, likabandikwa kwenye mlango wa duka.

"Hutauza," akasema muuza vipuri.

"Haya," akasema Mama Gogo, akaondoka na mkoba wake kwapani, mwepesi kabisa.

Sasa tusifichane. Mama Gogo hakutaka mashine ile inunuliwe. Hakutaka hata kidogo. Angekuwa na uwezo angepandisha bei mpaka tangazo lenyewe lione haya. Lakini aliyesema iuzwe alikuwa wifi yake, na mashine ilikuwa ya wote wawili, na Mama Gogo si mtu wa kwenda kumpigia mtu magoti kwamba jamani, usiuze. Wifi alisema kwenye simu, sauti kavu: "Ile mashine inakaa tu pale. Tuiuze." Mama Gogo akajibu, "Sawa." Akakata simu, akaingia chumbani, akalia mpaka mto ukaloa. Kisha akanawa uso na kwenda kwa muuza vipuri.

Ni nini kilichomliza? Nitasema wazi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anajua. Mumewe, ambaye alikuwa kaka wa huyo wifi, alikuwa amekufa zamani. Watoto Mama Gogo hakujaliwa. Undugu wake na ukoo ule ulikuwa umebaki umeshikiliwa na ile mashine peke yake, imesimama uani chini ya turubai. Ikiondoka, wifi atakuja tena kufuata nini? Nani husafiri nusu siku nzima kumtembelea mjane wa kaka yake, hana shughuli naye? Hilo ndilo lililomliza.

Na ukitaka kuijua mashine yenyewe, lazima ujue jinsi wanawake hawa wawili walivyoanza. Walianza vibaya. Siku ya harusi, wifi alisema mbele ya watu kwamba kaka yake ameoa shingo, mwili utafuata baadaye. Watu wakavunjika mbavu. Bibi harusi naye hakulaza damu, akasema afadhali shingo kuliko mdomo unaotangulia mtu kufika mahali. Kuanzia siku hiyo wakawa hawasemeshani. Mmoja akiingia jikoni, mwingine anatoka. Chumvi waliombana kupitia kwa bwana, naye amekaa katikati yao mezani anapitisha maneno na vibakuli.

Bwana alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole, mcheshi, mvivu wa kugombana. Alikuwa na banda lake la kuni pia, na kuni ziliuzwa sana siku zile: shule, waoka mikate, wenye matanuri ya matofali. Akapata mashine ya kupasua magogo, nyekundu, imechoka, akaileta nyumbani ikivutwa nyuma ya gari. Mkewe na dada yake wote wawili walikuwa wakifanya kazi bandani kwa shoka, kila mmoja upande wake, migongo wamepeana. Akaitengeneza. Alipomaliza, mashine ilikuwa na mipini miwili, mmoja kila mwisho. Ukivuta mmoja, injini inanguruma tu na kabari haisogei. Oili haipiti mpaka mipini yote miwili ivutwe pamoja. Mmoja akiachia, kabari inarudi nyuma yenyewe.

"Ni kwa usalama," akasema bwana. "Mkono wa mtu usije ukabaki chini ya kabari."

"Usalama gani?" akauliza mkewe. "Mashine zote mbona zina mpini mmoja?"

"Waliozitengeneza hawapendi wake zao," akasema bwana, akaenda kuoga.

Siku ya kwanza walipasua magogo machache mno, yanayotia aibu. Huyu anavuta, yule ameachia. Yule anavuta, huyu anajifuta jasho makusudi. Siku ya pili wakaanza kutazamana, kwa hasira, lakini wakatazamana. Kelele za injini hazikuruhusu matusi, kwa hiyo ilibidi kuzungumza kwa uso. Wifi akiinua kidevu, maana yake kuna kifundo, geuza gogo. Mama Gogo akibana midomo, maana yake ngoja, halijakaa sawa. Wakijua wako tayari, hawakufanya ishara yoyote, walivuta tu. Ugomvi ulilazimika kusubiri petroli iishe, na petroli ilipoisha walikuwa wamechoka, wana kiu, na kila mmoja anataka kumwambia mwenzake kuhusu lile gogo lililokataa.

Loo, siku zile! Harufu ya mti mbichi ukipasuka, ile ya utamu kidogo na uchungu kidogo, ilikuwa imeingia mpaka kwenye nywele. Vibanzi vilijaa kwenye mikunjo ya nguo, vikaenda mpaka kitandani. Madereva wa malori walikuwa wakizima injini zao ili wawatazame tu. Bwana alikuwa akitoka kwenye chuma chake, miwani nyeusi juu ya kichwa, anasimama mlangoni anacheka peke yake. Alipokufa walisimamisha kazi kwa matanga. Kazi iliporudi, wifi alifika asubuhi bila kuitwa, akafunga kanga kiunoni, akashika mpini wake. Hakusema pole. Alivuta kamba ya kuwashia, na Mama Gogo akaenda upande wake akilia, wakapasua magogo mpaka mchana. Hakuna pole aliyowahi kupewa iliyomwingia kama ile.

Basi, miaka ikaenda. Wateja mmoja mmoja wakahamia gesi. Magoti ya wifi yakaanza kumsumbua, binti yake akaja kumchukua akakae naye mji mwingine, na mashine ikafunikwa turubai. Mara moja moja wifi alikuwa akija, wanapasua kuni kidogo za jirani, anarudi. Kisha ndipo ikaja ile simu ya tuiuze.

Wanunuzi walikuwa wachache ajabu, hata kwa bei ile. Mama Gogo alijisifu moyoni kwamba bei imefanya kazi yake. Alikuja mmoja mwenye kofia, akapiga teke tairi, akauliza ina tatizo gani. Mama Gogo alimwaga yote: inavuja oili, injini inakohoa, pampu sijui itafika mwakani. Hakuna hata moja lililokuwa kweli. Mwanamume akainama chini ya mashine kutafuta hiyo oili inayovuja, akakuta pakavu, akainuka na kumtazama kwa mashaka.

"Mama, unauza au unashtaki?"

"Nauza. Ila mimi ni mkweli."

Akaja mwingine, peke yake, amevaa vizuri. Alipoambiwa inataka watu wawili akasema yeye hana wa pili. "Tafuta kwanza," akaambiwa, na Mama Gogo akamfungulia geti kwa heshima zote.

Halafu wakapiga simu mwoka mikate na mkewe. Tanuri lao lilikuwa la kuni, na hawakuwa na mpango wa gesi, wateja wao walisema mkate wa gesi hauna roho. Bei wameiona, wakasema, hawana neno, ila wanataka kuiona mashine ikifanya kazi kwa macho yao. Mama Gogo alifungua mdomo kusema haiwezekani, peke yangu siwezi kuiendesha. Hapo ndipo alipong'amua. Kama haiwezekani peke yake, basi ni lazima wifi aje.

"Njooni Jumamosi," akasema, kisha akampigia wifi yake simu.

Wifi alifika Jumamosi asubuhi, amebeba begi dogo, anatembea kwa upande kwa ajili ya magoti. Mama Gogo alikuwa amefagia uwanja mara mbili na kuchemsha chai ya kutosha watu kumi.

"Umekonda," akasema wifi badala ya salamu. "Shingo imerudi."

"Na wewe umenenepa. Huko kwa binti yako unakula chakula au unakula wajukuu?"

"Shikamoo haipo siku hizi?"

"Nikuamkie wewe? Nimekuzidi kwa wiki mbili!"

"Wiki mbili za kuzaliwa. Akili mimi nimetangulia."

Wakacheka, wakanywa chai wamesimama, kama kawaida yao, kisha wakavua turubai. Mama Gogo alikuwa ameshatia petroli mpya. Hakutaka mashine iaibike mbele ya wageni. Hapo ndipo alipojichimbia shimo, kwa maana mtu anayetaka kitu kisinunuliwe hakisuguisugui mpaka kinang'aa.

Mwoka mikate alikuwa mrefu, mkewe mfupi, na ilionekana wazi wamebishana njia nzima. Walisimama mbalimbali. Wifi akavuta kamba. Injini ikakohoa, ikakohoa, ikawaka. Kila mmoja akaenda mwisho wake wa mashine. Gogo la kwanza lilikuwa gumu, lina kifundo. Wifi akainua kidevu, Mama Gogo akaligeuza, wakatazamana, wakavuta. Likapasuka kwa ule mlio wake, na harufu ikatoka.

Jamani, harufu ile! Mama Gogo alihisi mwili mzima unarudi nyuma, mumewe yuko mlangoni, lori liko getini. Wakachukua lingine, na lingine. Hakuna aliyeangalia mpini wake, kila mmoja alikuwa anaangalia uso wa mwenzake. Migongo ikanyooka. Wifi alikuwa anacheka, mdomo wazi, sauti imemezwa na injini. Mama Gogo alisahau kabisa kwamba kuna wageni, na kwamba alikuwa na kila sababu ya kupasua vibaya. Magogo yote aliyoyaweka kwa ajili ya maonyesho yakaisha, akaenda akaleta mengine.

Injini ilipozimwa, mwoka mikate alikuwa ameshika kiuno, macho yamemtoka.

"Naichukua," akasema.

"Bei si umeiona?" akauliza Mama Gogo upesi.

"Nimeiona. Ni kubwa. Lakini kwa kazi hii, sawa."

"Hata huombi upunguziwe?"

"Mama, ukipunguza nitashukuru. Usipopunguza naichukua vilevile."

Ndiyo hivyo. Angemwambia nini tena? Ametaja bei, mtu ameikubali mbele ya mashahidi. Mkono ulinyooshwa, akaushika. Ulimi wake mwenyewe ndio uliomfunga, na muuza vipuri hakuwepo hata wa kumtupia lawama.

Mke wa mwoka mikate akamgeukia mumewe, sura imechangamka sasa. "Haya, nimekubali. Wewe ulikuwa sahihi."

"Si nilikwambia tupige ile namba ya pili?"

"Lakini yule wa namba ya kwanza aliapa! Alisema mashine imeshauzwa, imechukuliwa mbele ya macho yake. Na rafiki yako wa matofali alipopiga, naye aliambiwa hivyohivyo." Akawatazama wanawake wawili. "Namba inaishia na sita sita. Ni ya nani hiyo?"

Wifi alikuwa ameinama anaokota vibanzi, kimoja kimoja, kazi ambayo hajawahi kuifanya tangu azaliwe.

"Wifi," akasema Mama Gogo.

"Nini?"

"Namba inayoishia sita sita ni ya nani?"

"Simu inakosea siku hizi."

"Wifi!"

Wifi akainuka, ameshika kiuno. "Ni yangu! Umefurahi? Ni yangu. Kila aliyepiga nimemwambia imeuzwa."

"Kwa nini?"

"Kwa nini na wewe unauza mashine kwa bei ya gari?"

"Usinigeuzie kibao! Wewe ndiye uliyesema tuiuze!"

"Nilisema ili unikatalie!" Sauti ya wifi ilipanda, ikakatika katikati. "Nilijua utanitukana, utaniambia nimechanganyikiwa, utaniambia njoo. Wewe ukasema sawa. Sawa! Haraka hivyo! Ukanikatia na simu! Nikajua basi, huyu alikuwa anangoja tu niseme ili aachane na mimi."

Miezi ile yote walikuwa wamekaa, kila mmoja kwake, kila mmoja anailinda mashine isinunuliwe, na kila mmoja ana hakika mwenzake ameshamtupa.

"Mama," akasema mwoka mikate polepole, "mashine tumenunua, au hatujanunua?"

Ilikuwa bado haijafungwa kwenye gari. Neno moja tu lingetosha. Mama Gogo alimtazama wifi yake, akaona jinsi anavyoegemea fremu ya mashine kwa mkono mmoja. Magoti yalikuwa yanatetemeka. Wifi alikuwa amepasua rundo lote lile akiwa na magoti yale, anacheka, na hakusema kitu. Mama Gogo akitaka mashine ibaki itabaki, na huyu mtu ataendelea kupanda gari nusu siku na kujiumiza, mpaka siku atakayoanguka.

"Mmenunua," akasema Mama Gogo. "Wifi, au vipi?"

Wifi alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Wamenunua. Lakini wafundishwe kuitumia, wasije wakatuharibia jina."

Wakawafundisha. Mwoka mikate upande huu, mkewe upande ule. Mara ya kwanza alivuta mume, mke ameachia. Mara ya pili mke akavuta, mume anauliza tayari? kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia. Wifi akaenda akamshika mwanamke kidevu, akamgeuzia uso kwa mumewe. "Usiangalie chuma! Muangalie yeye!" Gogo likapasuka. Mke wa mwoka mikate aliruka kwa furaha, na mumewe akamtazama kwa namna ambayo hakuja nayo asubuhi.

Wakaifunga nyuma ya gari, wakaaga, wakaenda. Mashine ilipita getini ikirukaruka kwenye mashimo, kisha ikakata kona. Uani palibaki kiraka cha udongo mkavu, mweusi kwa oili ya miaka mingi.

Walikaa juu ya gogo, wote wawili. Simu ya wifi ikalia. Akaitazama, akaipokea.

"Mashine ya magogo? Imeshauzwa," akasema. "Ndiyo. Imechukuliwa mbele ya macho yangu." Akaishusha simu mapajani, mabega yakaanza kumcheza, na Mama Gogo hakujua kama ni kicheko au kilio mpaka alipoyaona machozi. Naye akaanza kulia. Walilia bila kushikana, kila mmoja anatazama mbele yake.

Baadaye Mama Gogo akasema, "Nikuulize kitu, usinicheke."

"Uliza."

"Kaka yako ndiye aliyenileta kwenu. Hayupo. Ikabaki mashine. Nayo imeondoka. Sasa mimi na wewe ni nani?"

Gari la wifi la kurudi lilikuwa linangoja stendi, na begi lake lilikuwa miguuni pake. Alilisogeza kwa unyayo, kando kidogo.

"Ijumaa nakuja," akasema.

"Kufanya nini? Kazi hakuna."

"Najua hakuna."

"Kwa hiyo unakuja kufanya nini?"

"Nakuja kukaa, mwanamke wewe. Kukaa tu. Nikae nikuangalie."

Mama Gogo akageuka, akamtazama usoni. Wifi hakuinua kidevu, wala yeye hakubana midomo, kama ilivyokuwa wakiwa tayari kuvuta.